Kadi Iliyomshtaki Mlinzi: Uchambuzi wa Kisa cha Kuchagua Dhahabu ya Bodi za Saketi

Mazingira ya kisa

Kisa hiki kilitokea Lubumbashi, mji wa migodi ya shaba na kobalti nchini Kongo, katika karakana ndogo ya elektroniki yenye mafundi wanne, na kilichukua karibu miaka miwili tangu bodi ya kwanza hadi ya tatu. Majina, mitaa na alama zote zinazoweza kumtambulisha mtu zimeondolewa. Vipimo na mfuatano wa matukio vimeachwa kama vilivyo kwenye daftari la karakana. Mimi nilikuwa mkaguzi wa michoro tangu toleo la kwanza na saini yangu ipo kwenye mchoro uliokosewa, kwa hiyo ninapoandika kwamba tuliamua jambo, nami nimo.

Mteja alikuwa kampuni inayokodisha jenereta kwa maduka, maghala na zahanati. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, jenereta hufanya kazi karibu kila siku, na mafuta ya dizeli ndiyo gharama inayoumiza kuliko zote. Kampuni ilitaka kadi ya kuwekwa kwenye kila jenereta ili irekodi saa za kazi na kiwango cha mafuta. Kila asubuhi msimamizi angeichomoa kadi, angeipeleka ofisini, angeichomeka kwenye kisomaji, kisha angeirudisha mahali pake. Tulichora bodi yenye unene wa milimita 1.6 na ukubwa wa kiganja, ikiwa na miguso 20 ukingoni, 10 kila upande, ile ambayo mafundi huiita vidole vya dhahabu.

Kadi inayochomekwa mara mbili kwa siku, siku 26 kwa mwezi, huchomekwa mara 52 kwa mwezi, na zaidi ya mara 600 kwa mwaka. Hesabu hiyo ingeweza kuandikwa nyuma ya bahasha, lakini hakuna kati yetu aliyeifanya kabla ya kuagiza.

Toleo la kwanza

Bodi ziliagizwa kwenye kiwanda cha ng'ambo kinachopokea maagizo kwa fomu ya intaneti. Kwenye sehemu ya umalizio wa uso tulichagua ENIG, yaani shaba kufunikwa kwa nikeli bila kutumia umeme, kisha kuchovywa katika maji ya dhahabu. Uamuzi huo ulikuwa na sababu nzuri. Vijenzi vyetu vilikuwa vidogo, na uso wa ENIG ni tambarare, tofauti na bati la kuyeyusha ambalo huacha vilima juu ya pedi, yaani vipande vya shaba ambapo vijenzi hulehemiwa. Pia bodi zilikuwa zikae rafuni miezi kadhaa kabla ya kulehemiwa, na dhahabu haishiki kutu.

Fomu ilikuwa na kisanduku kingine kilichoandikwa vidole vya dhahabu. Tulikitia alama, tukaamini kwamba kwa kufanya hivyo tumeagiza dhahabu nene na ngumu kwenye ukingo. Kwa kiwanda hicho, kisanduku kilimaanisha tu kwamba ukingo utachongwa mshazari ili uingie kwenye soketi bila kukwaruza. Dhahabu iliyokuja kwenye vidole ilikuwa ileile ya pedi nyingine zote. Kiwanda hakikudanganya, maana maelezo yalikuwepo kwenye ukurasa wa masharti ambao hatukuusoma.

Dhahabu ya ENIG ni nyembamba sana. Kiwango cha IPC-4552 cha IPC, chama cha viwanda vya elektroniki, kilichotolewa mwaka 2002 kilitaka nikeli ya mikromita 3 hadi 6 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), na juu yake dhahabu isiyopungua mikromita 0.05; marekebisho ya mwaka 2012 yakaruhusu 0.04. Unywele wa mtu una unene unaozidi huo mara elfu na zaidi. Tena ni dhahabu karibu safi, na dhahabu safi ni laini.

Bodi 60 zilifika kwa ndege, zikalehemiwa bila tatizo lolote, na lehemu ilitandaa vizuri kwenye kila pedi. Wiki nane za kwanza mteja alituma salamu za shukrani.

Mlinzi na rekodi zilizopotea

Mwezi wa tatu tangu kadi zianze kutumika, katikati ya kiangazi, vumbi jekundu likiwa limetanda kila mahali, ripoti za ofisini zilianza kuonyesha mapengo. Jenereta moja ya ghala ilionekana haikufanya kazi usiku mzima, ilhali tangi lake lilikuwa limepungua. Kwa msimamizi aliyeketi mbele ya karatasi, maana yake ilikuwa moja tu: mafuta yameibwa. Mlinzi wa usiku, mtu mzima aliyekuwa na miaka mingi kazini, alisimamishwa.

Fundi wetu alipotumwa kukagua jenereta alimkuta mlinzi huyo getini, amekuja kudai haki yake. "Fundi," alimwambia, "mimi sijagusa mafuta ya mtu. Kadi yenu ndiyo inayonishtaki, basi iulizeni vizuri." Fundi akamjibu, "Papa, nitaiuliza." Aliporudi karakana aliyarudia maneno hayo mbele yetu sote, na tangu siku hiyo tuliacha kulitazama tatizo kama malalamiko ya kawaida ya mteja.

Jambo la kwanza tulilogundua ni kwamba wasimamizi walikuwa tayari na dawa yao. Kadi ikikataa kusomeka, walivisugua vidole kwa kifutio cha penseli mpaka ving'ae, na kadi husoma tena siku mbili tatu. Kifutio kina chembe za kukwangua ndani yake. Kwenye dhahabu ya mikromita 0.05, kila kusugua kulikuwa kunaondoa sehemu ya kile kilichobaki, na baada ya hapo kadi iliharibika haraka zaidi kuliko mwanzo.

Tulivyopima

Kipimo chetu cha kwanza kilitupotosha. Tuligusisha ncha za multimita kwenye kidole na kwenye springi ya soketi, nayo ikaonyesha muunganiko mzuri kila mara. Sababu zilikuwa mbili. Ncha kali ya multimita hutoboa utando wa oksidi ambao springi ya mviringo haiwezi kuutoboa, na volti ambayo multimita hutumia kupimia inaweza kuuvunja utando huo kwa muda. Kipimo kilikuwa kinaponya ugonjwa kwa sekunde moja, kisha kinatoa cheti cha afya.

Kwa hiyo tulitengeneza kifaa kidogo kinachofuata kanuni ya kupima miguso ya ishara dhaifu: volti ya saketi wazi isizidi milivolti 20, na mkondo usizidi miliampia 100. Betri moja ya volti 1.5 iliunganishwa na rezista ya omu 15, na sambamba na mguso tukaweka rezista ya omu 0.2, ambayo huizuia volti isivuke milivolti 20 hata mguso ukiwa umekatika kabisa. Volti ilisomwa kwa nyaya mbili tofauti na zile zinazobeba mkondo. Mguso mzuri, wenye ukinzani wa miliomu 10 (miliomu ni sehemu ya elfu ya omu), husoma karibu milivolti 1. Mbovu hupanda kuelekea 20. Gharama ya kifaa hicho haikuzidi nauli ya teksi ya siku moja, na ndicho kilichofungua kesi.

Kwenye kadi mpya ambazo hazijatumika, vidole vyote vilisoma kati ya miliomu 8 na 12. Kwenye kadi za miezi mitatu, vidole vingi vilikuwa na mamia ya miliomu, vingine omu kadhaa, na baadhi vilikatika kabisa jenereta ilipotikisika. Chini ya hadubini mistari ya kijivu ilionekana katikati ya kila kidole, pale springi inapoteleza: ilikuwa nikeli tupu, ambayo hushika oksidi.

Hapo tulipata msaada ambao katika mji mwingine huenda tusingeupata. Rafiki wa karakana anayepima sampuli za madini alituletea kipimo cha mkononi cha eksirei, kile ambacho wanunuzi hukielekeza kwenye magunia ili kujua shaba na kobalti. Chombo hicho hakijasawazishwa kwa tabaka zenye unene wa sehemu ya mikromita, hivyo tarakimu zake hazikuwa za kuaminika, lakini ulinganisho ulikuwa wazi: kwenye kidole kipya alama ya dhahabu ilionekana vizuri, na kwenye njia ya springi ya kidole kilichotumika ilikuwa karibu imetoweka huku ya nikeli ikipanda.

Tuliandika barua kwa mteja siku hiyohiyo, tukieleza kwamba mapengo ya rekodi yametokana na kadi.

Toleo la pili

Ninaona haya zaidi kwa toleo la pili kuliko la kwanza. Lile la kwanza lilitokana na kutojua, na hili lilitokana na kujua nusu.

Wazo lililotangulia lilikuwa kuagiza ENIG yenye dhahabu nene zaidi, na tulilikataa kwa sababu sahihi. Katika ENIG, dhahabu hujiweka kwa kubadilishana nafasi na atomu za nikeli. Uso ukishafunikwa, mabadilishano hupungua yenyewe. Kuilazimisha bodi ibaki kwenye maji hayo kwa muda mrefu huila nikeli iliyo chini, na huko ndiko kunakotoka pedi nyeusi, ugonjwa unaoziacha lehemu zikibanduka zikiwa zimeacha uso mweusi wa nikeli iliyoliwa.

Basi tukaagiza dhahabu ngumu ya kuchovywa kwa umeme, mikromita 1.27, kwenye bodi nzima. Dhahabu ngumu huchanganywa na kiasi kidogo sana cha kobalti au nikeli, chini ya asilimia moja, na kiasi hicho kinatosha kuiongezea ugumu mara mbili au zaidi ya dhahabu laini. Tulifurahi, nakiri, kufikiri kwamba kobalti iliyotoka chini ya ardhi yetu ya Katanga huenda imeturudia ikiwa imefichwa ndani ya dhahabu. Furaha hiyo haikutusaidia kufikiri. Tulijiambia kwamba dhahabu nene ikiwa nzuri kwenye vidole, haiwezi kuwa mbaya kwenye pedi.

Kazi ya kulehemu ilituonya, lakini hatukusikia. Lehemu ilitandaa kwa uvivu, kwa kuwa kobalti iliyomo hushika oksidi na kuizuia, na viungo vilitoka na uso mkavu usiong'aa. Tuliongeza flaksi, ile dawa ya kusafisha uso ili lehemu ishike, na joto. Rangi ya kijani ya kinga nayo ilibanduka kando ya pedi chache, maana haishikamani na dhahabu kama inavyoshikamana na shaba.

Baada ya wiki sita za kutikiswa na jenereta, rezista ndogo zilianza kung'oka. Viungo vilikatika kwa kumeguka, bila dalili ya kunyumbuka. Tulijiuliza kama ni pedi nyeusi, tukaiondoa hoja hiyo: ugonjwa ule huzaliwa kwenye nikeli yenye fosforasi wakati wa mabadilishano ya dhahabu, na nikeli yetu ya mara hii ilichovywa kwa umeme, wala mabadilishano hayo hayakuwepo. Ilibaki sababu moja. Dhahabu huyeyuka haraka ndani ya lehemu, na ikizidi takriban asilimia 3 ya uzito wa kiungo, huungana na bati na kujenga fuwele bapa ambazo ni ngumu lakini humeguka. Hapo kiungo hupoteza ule unyumbufu unaokifanya kivumilie mtikisiko.

Hesabu ilikuwa mbele yetu muda wote. Stensili yetu, bati lenye matundu la kupakia pesti ya lehemu kwenye pedi, ilikuwa na unene wa milimita 0.12, na karibu nusu ya ujazo wa pesti ya lehemu ndiyo metali, yaani tabaka la kama mikromita 60. Lehemu isiyo na risasi ina densiti ya karibu gramu 7.4 kwa sentimita moja ya ujazo, na dhahabu 19.3. Dhahabu ya mikromita 1.27 juu ya pedi hiyo huwa zaidi ya asilimia 5 ya uzito wa kiungo. Dhahabu ya ENIG ya mikromita 0.05 huwa karibu asilimia 0.2. Kiwango cha IPC-6012 kinaweka kikomo cha mikromita 0.45 kwa dhahabu ya umeme mahali pa kulehemu, nasi tulikuwa karibu mara tatu ya hapo.

Toleo la tatu

Safari hii hatukugusa fomu kabla ya kuandika ukurasa mmoja wa maelezo na kuutuma kiwandani pamoja na mchoro, tukitaka majibu ya maandishi. Vidole peke yake viwe na dhahabu ngumu yenye kobalti, mikromita 1.27, juu ya nikeli ya umeme. Kiwango kilekile cha IPC-6012 kinataka 0.8 kwa bidhaa za kawaida na 1.25 kwa zile zisizoruhusiwa kushindwa; tulichagua cha juu kwa sababu ya vumbi. Sehemu zote nyingine ziwe ENIG. Kiwanda hufunika sehemu moja ya bodi huku nyingine ikichovywa, na kazi hiyo huongeza hatua, siku na bei.

Mchoro nao ulibadilika. Kuchovya kwa umeme kunahitaji kila kidole kiwe kimeunganishwa na njia ya mkondo, kwa hiyo tuliongeza nyuzi nyembamba za shaba zinazotoka kwenye ncha za vidole hadi nje ya ukingo, ambazo hukatwa bodi inapochongwa mshazari. Matundu yaliyokuwa karibu na vidole tuliyasogeza mbali, na rangi ya kinga tukaiondoa katikati ya kidole na kidole.

Kuhusu kiasi cha dhahabu, watu wengi hudhani kwamba dhahabu ngumu ni anasa. Vidole 20 vyenye milimita mraba 12 kila kimoja, kwa mikromita 1.27, hubeba karibu miligramu 6 za dhahabu. Toleo la pili, lenye kama sentimita mraba 50 za shaba iliyofunikwa, lilibeba zaidi ya miligramu 120 kwa kila bodi. Tulikuwa tumelipia dhahabu mara 20 ili tupate bodi mbaya zaidi.

Jambo lililokaribia kutuponyoka tena lilikuwa soketi. Springi za soketi zilizokuwa kwenye visomaji na jenereta zilifunikwa bati. Bati likisuguana na dhahabu huhamia juu yake, kisha hushika oksidi, hasa mahali penye mtikisiko mdogo usiokoma. Dhahabu bora kuliko zote isingetuokoa dhidi ya hilo. Tulibadilisha soketi zote kuwa za springi zenye dhahabu, na kwenye kisomaji, ambacho hupokea kadi nyingi kila siku, soketi tukaiweka kwenye bodi yake ndogo inayofunguliwa kwa skrubu mbili. Vifutio vilikusanywa, na wasimamizi wakapewa pombe ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi.

Matokeo

Baada ya miezi 14 tulipima kadi 12 zilizochaguliwa kutoka sehemu zenye vumbi zaidi. Hakuna kidole kilichozidi miliomu 20, na njia za springi zilionekana kama mikwaruzo inayong'aa isiyo na kijivu. Hakuna kiungo kilichomeguka. Bodi ndogo za soketi za visomaji zimebadilishwa mara moja, kama ilivyopangwa.

Mlinzi alirudishwa kazini wiki iliyofuata barua yetu. Siku alizokaa nyumbani hazikulipwa, ingawa tuliandika barua ya pili kuliomba hilo. Karakana ilibeba gharama ya matoleo mawili ya kwanza.

Uchambuzi

Kosa la msingi katika matoleo yote mawili lilikuwa kutumia neno dhahabu kana kwamba ni kitu kimoja. Kwenye pedi, kazi ya dhahabu ni kuilinda nikeli hadi siku ya kulehemu, kisha iyeyuke na kupotelea ndani ya lehemu, kwa maana kiungo chenyewe hujengwa kati ya bati na nikeli. Kwa hiyo inatakiwa iwe kidogo na safi. Kwenye kidole, dhahabu inatakiwa ibaki palepale ikiteleza chini ya springi mamia ya mara, kwa hiyo iwe nene na ngumu. Mahitaji hayo mawili yanapingana katika kila sifa, na bodi yenye pedi na vidole inahitaji dhahabu mbili. Kama kadi ingechomekwa mara tano tu katika maisha yake yote, ENIG pekee ingetosha, na sitamlaumu fundi anayeichagua kwa kadi ya namna hiyo.

Hesabu ya michomeko ilipaswa kuja kabla ya kila kitu. Siku hizi mchoro wa karakana una mstari juu ya jedwali la maelezo unaosema idadi ya michomeko kwa mwaka, na mchoro usio na tarakimu hapo haupokelewi.

Kilichofaulu zaidi, kwa maoni yangu, ni kipimo. Mpaka tulipokuwa na njia ya kuuona mguso kama saketi yenyewe inavyouona, tulikuwa tunabishana kwa hisia: mmoja akilaumu vumbi, mwingine programu, mwingine wasimamizi. Nasikitika kwamba hatukuutumia uangalifu huohuo kwa viungo vya toleo la pili. Uvivu wa lehemu ulikuwa ushahidi uliokuwa mezani siku ya kwanza, tukautibu kwa joto.

Maandishi ya kuagizia nayo yana sehemu yake. Kisanduku kwenye fomu hubeba maana ya aliyekitengeneza, na maana hiyo hutofautiana kati ya kiwanda na kiwanda. Aina ya dhahabu, njia ya kuichovya, unene wa chini na mahali inapopakwa vinapaswa kuandikwa kwa tarakimu, na kiwanda kiombwe vipimo vya unene vya shehena hiyohiyo.

Kuhusu mlinzi, dhahabu haikuwa peke yake. Tangu toleo la kwanza kila fungu la rekodi lilikuwa na tarakimu ya uhakiki, na kisomaji kilikuwa kinajua mara moja fungu linapofika likiwa limeharibika. Programu tuliyoiandika ililitupa fungu hilo kimya na kuchapa sifuri kwenye safu ya saa za kazi. Katika toleo la tatu safu hiyo huchapwa maneno "kadi haikusomeka", pamoja na namba ya kidole kilichokosa mguso.